Mafunzo ya Kuanguka Vizuri

Siku ya mazoezi ya kupanda mlima wenye theluji, kama ifanyikavyo kila majira ya baridi katika milima ya Cairngorms huko Uskoti, huanzia kwenye maegesho ya magari, na hasara za kwanza hupatikana hapo hapo. Kilele cha Cairn Gorm kina mita 1,245 tu, lakini Machi 1986 kituo chake cha hali ya hewa kilipima upepo wa takriban kilomita 278 kwa saa. Upepo wa siku ya kawaida ni mpole kuliko huo, ila unatosha kuondoka na glavu iliyowekwa juu ya boneti wakati mwenyewe akifunga kamba za viatu.

Kundi hutembea hadi Coire an t-Sneachda, bonde lililochongwa na barafu ya kale chini ya majabali. Waliovaa kila walichonacho hulowa jasho njiani, na wakisimama tu, jasho hilo huwageuka.

Somo linalopendwa zaidi ni kujizuia kwa shoka la barafu. Huchaguliwa mteremko usio na mawe, unaoishia tambarare. Mkono mmoja hushika kichwa cha shoka karibu na bega, wa pili mwisho wa mpini, na kifua hulikandamiza shoka mpaka ncha yake ikwaruze theluji na kumsimamisha mtu. Ndivyo mkufunzi anavyoeleza. Mwanafunzi huteleza kwanza kwa tumbo, miguu ikitangulia. Kisha kwa mgongo. Mwisho chali, kichwa mbele, akikumbuka maagizo yote isipokuwa lile la upande wa kugeukia. Theluji huingilia kwenye ukosi na kufanya makazi kiunoni. Siku nyingine huwa laini mno, na hapo watu wazima waliolipa ada huonekana wakijisukuma kwa mikono ili wapate kuanguka.

Zoezi hili hufanywa bila kramponi, yaani meno ya chuma yafungwayo chini ya viatu, maana jino likinasa wakati mtu anateleza, huweza kumbinua au kumvunja kifundo cha mguu. Mwingereza Oscar Eckenstein alibuni kramponi za meno 10 mwaka 1908. Laurent Grivel wa Italia akaongeza mawili ya mbele mwaka 1929, na suruali hazijapata amani tangu hapo. Mvaaji hutembea akitanua miguu na kukanyaga kwa wayo mzima. Theluji yenye unyevu hugandamana chini ya meno, ikimwongezea urefu mguu mmoja mmoja, mpaka aigonge kwa mpini wa shoka. Wakufunzi makini hutumia muda mwingi kwenye hatua hizi kuliko kwenye shoka, na wana haki.

Mchana, maji huwa yameganda kwenye mpira wa kunywea. Vidole navyo, damu ikivirudia, huuma kiasi cha kuwaliza watu wenye ndevu zao.

Maporomoko ya theluji hayana utani: mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile inayowavutia wapandaji.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, hivyo kundi hushuka mapema. Jioni kramponi hukaushwa zisishike kutu. Meno butu hunolewa kwa tupa, tena kwa mkono, kwani joto la mashine hulegeza chuma. Suruali huzibwa kwa utepe wa gundi.