Machale ya Kiingereza

Mpwa wangu wa kidato cha tatu amenishushia hadhi sebuleni kwangu mwenyewe, tena nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mjomba, inkling maana yake nini?"

Mimi kujibu nisichokijua sijawahi kuona haya. Nikamwambia ink si wino? Basi inkling ni katone ka wino. Ukikaona mezani unaanza kuhisi kuna mtu kaandika barua ya siri. Nilijiridhisha mpaka nikaongeza sukari.

Mtoto akachungulia simu yake. Kumbe wino haumo hata chembe! Neno limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha zama za kati, inclen, yaani kusema jambo kwa sauti ya chini, kulidokeza. Kwa hiyo mwanzoni inkling ilikaa mdomoni, kama fununu zetu za kibarazani. Baadaye ikahamia kichwani, ikawa kuhisi jambo bila ushahidi. Hapo sasa ni machale. Sisi fununu unaletewa na jirani, machale yanakucheza mwenyewe. Wenzetu wamebana matumizi, neno moja zamu mbili.

Na kinachoniuma ni hiki. Tolkien, profesa wa lugha pale Oxford, na rafiki yake C. S. Lewis walikuwa na kijiwe cha waandishi kilichoitwa Inklings. Walisomeana kazi zao chumbani kwa Lewis, na Jumanne wakipiga soga kwenye baa ya Eagle and Child. Tolkien alieleza kwamba jina lile ni mzaha: watu wenye mawazo nusunusu, halafu wanachezea wino. Unaona? Profesa akitia wino humo ni utani wa kisomi. Nikitia mimi, mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

Mke wangu akatokea jikoni, mwiko mkononi. Kiingereza hakimhusu.

"Baba Rehema, machale yananicheza. Ile hela ya gesi bado ipo?"

Hakuna aliyemnong'oneza. Risiti ya mishikaki haipo, mdomo nilishafuta. Labda pilipili kwenye ukucha wa kidole gumba, nao nilikuwa nimeuficha nyuma ya kikombe.

Nikamjibu kwa sauti ya chini sana, inclen yenyewe ya zama za kati.

"Sema tusikie," akasema.