Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Maadili ya Familia

Kwa Waandaaji wa Makongamano ya Maadili ya Familia,
Nairobi.

KUH: KIPENGELE KILICHOSAHAULIKA KATIKA AJENDA

Waheshimiwa,

Hongereni kwa kazi nzito ya kuiokoa familia ya Kiafrika. Mei 2025 wajumbe walikusanyika katika hoteli ya Boma, Nairobi, kwa kongamano la pili la maadili ya familia barani. Matangazo yake yalizua minong'ono, kwani wasemaji waliopambwa humo kuja kuwafunda Waafrika malezi walikuwa wazungu. Wenye husuda hawakosi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Barua hii haiji kuharibu shughuli. Inaomba tu mtoto mchanga aliyetupwa atengewe nafasi kwenye ratiba.

Habari zake mnazijua. Mwokota chupa anafika jaani alfajiri, anasikia kilio, anadhani ni paka, anafunua gunia. Mama mboga anavua leso yake, jirani analeta maji ya uvuguvugu, umati unajaa na hukumu inatoka papo hapo: "Huyo mama ni mnyama!" Kituoni tukio linaandikwa kwenye kitabu cha OB, mtoto anapelekwa hospitali, kisha makao ya watoto. Jioni runinga inatangaza kwamba polisi wanamsaka mama. Taarifa imekamilika, ila haina baba. Msikilizaji atadhani mimba huletwa na upepo wa kusi.

Mei 2019, waliokuwa wakisafisha Mto Nairobi waliopoa maiti za vichanga pamoja na taka. Taifa lilishtuka, likasahau.

Si kwamba serikali haijui ukali. Tangu Agosti 2017, anayepatikana na mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4, au kufungwa hadi miaka 4. Mwanamume anayempa mwenzake mimba kisha akabadilisha laini ya simu hadaiwi hata senti mpaka mama wa mtoto amburute kortini. Mazingira yana bahati yake.

Kwa miaka mingi hata sheria ya kusajili vizazi ilimfichia baba siri. Mtoto wa mama asiyeolewa aliandikiwa cheti chenye herufi za X mahali pa jina la baba, isipokuwa baba huyo akubali kutajwa. Mama mmoja alichoka na X hizo, akaenda mahakamani. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho cha sheria ya usajili kinawabagua watoto na kinakwenda kinyume cha Katiba. Katiba yenyewe, ya mwaka 2010, ilikuwa imekwisha kusema katika kifungu cha 53 kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la.

Kanuni ya Adhabu nayo, ambayo hakuna aliyewahi kuisifu kwa upole, inawashinda wahubiri wengi kwa huruma. Kifungu cha 210 kinatambua kwamba mama anaweza kumuua mwanawe aliye chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi, na hapo hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia.

Lakini mtoto anaweza kuokolewa kabla ya kufika jaani. Kule Johannesburg, kanisa moja la Kibaptisti mtaani Berea lilitoboa ukuta wake mwaka 1999 likaweka kisanduku. Mama humlaza mtoto humo bila kuulizwa jina, na walezi ndani hupata ishara wakaja kumchukua. Halikuitisha kongamano kwanza.

Kwa mkutano ujao, basi, kuna mapendekezo machache. Kabla ya tamko la kulinda familia kusomwa, kila mjumbe mwanamume aseme ana watoto wangapi na ni wangapi anaowalipia karo. Mzazi aliyemfukuza binti mjamzito ili kulinda heshima ya nyumba apewe dakika tano aeleze nyumba hiyo ni ya nani. Pesa za chai ya saa nne zinunue maziwa ya unga na nepi za makao ya watoto.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi Mlipa Ushuru

Nakala: Wahariri wa habari. Mtakapotangaza tena kwamba polisi wanamsaka mama, ulizeni baba anasakwa na nani.