Jezi Yangu Imekwenda Uswisi

Nakusimulia wewe, mwenzangu mwenye mke, watoto na mkwe aliyekuja kwa wiki moja kutibiwa macho. Macho yamepona, mkwe bado yupo. Wengine wakisoma haya watacheka tu na kwenda zao. Wewe utaguna.

Nyumbani kwangu barua ya shule haifiki siku inayotumwa. Inakaa kwanza chini ya begi, inafungia andazi, inanywa mafuta, halafu inajitokeza usiku wa mwisho, maduka yakiwa yamefungwa. Safari hii ilisema kesho ni Siku ya Mataifa. Kila mwanafunzi aje na vazi, chakula na bendera ya nchi aliyopangiwa, na aeleze utamaduni, serikali na lugha zake. Nina wanafunzi watatu. Neema, tunayemwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kosa bila kukata rufaa, alipangiwa Malaysia. Mdogo wake, Mzee Kimya, alipewa Uswisi. Kitinda mimba wetu Jenereta, ambaye akiwaka hazimwi, akapewa Ethiopia.

Mama Neema aliisoma barua, akanitazama mimi, kana kwamba begi ni langu.

Tukaanza na Malaysia, maana Wakili ndiye mwenye sauti. Nchi ile ina watawala tisa wa kurithi, wengi wao masultani, na kila baada ya miaka mitano wanakutana kwenye baraza lao kumchagua mmoja wao awe mfalme wa nchi nzima. Utaratibu huo wanao tangu uhuru wa 1957. Sasa zamu ni ya Sultan Ibrahim wa Johor, aliyeshika kiti Januari 2024. Lakini anayeendesha serikali ni waziri mkuu. Mfalme hufungua bunge, husaini na kupigiwa saluti.

"Kumbe ni kama baba," akasema Jenereta.

Nilingoja Mama Neema akanushe. Hakukanusha. Alikuwa anahesabu pesa ya nazi, na pesa yenyewe ilikuwa imetoka kwenye suruali yangu.

Chakula chao maarufu kinaitwa nasi lemak. Wakili akasoma: wali unapikwa kwa tui pamoja na jani la pandani, unaliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, vipande vya tango, yai la kuchemsha na pilipili ya kusaga iliyokaangwa. Hapo ndipo mkwe wangu alipoingia. Kati yangu na wewe anaitwa Bibi Redio, kwa kuwa habari za mtaa anazitangaza kabla hazijatokea, na nakuomba jina hili lisimfikie.

"Wali wa nazi na dagaa? Hicho si chakula cha kwetu Tanga hicho? Hao wamekitoa wapi?"

"Bibi, ndicho chakula chao cha taifa."

"Basi wana akili. Ila karanga juu ya wali, mjukuu wangu, mimi sijafika huko."

Wakili akakata rufaa, rufaa ikatupwa. Bibi akakamata mbuzi, akakuna nazi mbili, karanga zikarudishwa kabatini na mahali pake pakawekwa mchicha. Jani la pandani hatukuwa nalo. Malaysia yetu ikaenda hivyo hivyo, na mchicha wake.

Uswisi ndiyo iliyonimaliza. Mzee Kimya alieleza kwa sentensi chache, kama kawaida yake, kwamba kule nchi inaongozwa na baraza la watu saba wenye uzito sawa, na urais unazunguka kati yao kila mwaka. Rais wao ni mwenyekiti wa vikao tu, akimaliza mwaka anampisha mwenzake. Bendera yao ni nyekundu yenye msalaba mweupe, tena ni ya mraba. Kati ya nchi zote huru, wao na Vatikani tu ndio wenye bendera ya taifa ya mraba.

"Kitambaa chekundu tutapata wapi saa hizi?" akauliza Mama Neema.

Kukawa kimya. Nikaona macho yote yako kifuani kwangu. Nilikuwa nimevaa jezi yangu ya Simba, ile niliyoinunua nikiiandalia dabi ya Kariakoo.

Naomba uelewe kwamba mke wangu ni Yanga damu. Nikasema kwa upole kuwa bendera ya Ethiopia ina kijani na njano, na kabatini kuna jezi ya rangi hizo hizo, basi kama ni kujitolea kwa ajili ya elimu tujitolee wote.

"Ya Yanga haiguswi," akasema.

Mzee Kimya, ambaye nilimtegemea, akafungua mdomo tena. Akasema katika majimbo ya Glarus na Appenzell Innerrhoden, wananchi hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka na kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Wakili hakungoja, akaitisha mkutano pale pale sebuleni. Nikauliza umri wa kupiga kura. Kule Glarus ni miaka 16, na hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu aliyefika. Nikadhani nimeshinda.

Bibi Redio akauliza kama wanawake wanaruhusiwa. Mzee Kimya akasoma: wanawake wa Uswisi walipata kura ya kitaifa mwaka 1971, na wale wa Appenzell Innerrhoden walisubiri hadi 1990, tena kwa amri ya mahakama, kupiga kura za jimbo lao.

Bibi akaweka kifuu chini. "1971? Bibi Titi anahutubia mikutano ya TANU miaka ya hamsini, na hao bado wanawaomba waume zao ruhusa? Piga kura, wanangu!" Na yeye mwenyewe akanyoosha mikono yote miwili.

Kura iliyoniuma ni ya shemeji yangu. Huyu tunamwita Shemeji Kesho, kwa sababu ya tarehe anayoahidi kulipa madeni. Ni Simba mwenzangu. Tumelia pamoja, tumeruka pamoja. Mkono wake ulikuwa juu kuliko wote.

Jezi ikavuliwa. Mkasi ulipita katikati ya namba ya mgongoni, upande wa kifuani ukakatwa mraba, na msalaba wa foronya kuukuu ukashonwa juu ya jina la mdhamini mpaka likafunikwa lote. Nilibaki na singlendi. Mzee Kimya akaanza kufanya mazoezi ya salamu za lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia na Kiromanshi. Hii ya nne ilitambuliwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1938, na wanaoizungumza hawafiki hata asilimia moja ya wananchi. Akaamua hotuba aianze kwa hiyo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakuna mwalimu atakayeweza kumsahihisha. Mtoto huyu atafika mbali.

Ikabaki Ethiopia, na Shemeji Kesho akajitwika. Alipokuwa utingo aliwahi kufika Moyale, basi hakuna asilolijua. Injera haikuwezekana, maana unga wa teff unachachushwa kwa siku kadhaa na sisi tulikuwa na usiku mmoja. Akasema tufanye kahawa. Kule mwenye nyumba huikaanga mbele ya wageni, ubani unafuka pembeni, majani mabichi yametandazwa sakafuni. Kahawa hunywewa kwa mizunguko mitatu: abol, tona na baraka. Ukiondoka kabla ya wa tatu, umeiacha baraka.

Buni tukaazima kwa jirani aliyetoka Moshi. Jiko la mkaa likaingizwa sebuleni. Shemeji akatoka gizani, akarudi amekumbatia majani mabichi, na kwa kuwa nilikuwa bado kwenye msiba sikuuliza ameyapata wapi. Karai liliposhika moto, moshi ulitoka dirishani kwa wingi hadi yule jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Akakaribishwa, akakaa, akanywa mpaka mzunguko wa tatu. Bibi Redio naye alikunywa yote, akatangaza hadi alfajiri.

Asubuhi alikuja mwenye nyumba wetu kuuliza nani amenyoa ukoka wake. Kabla sijajikohoza, Jenereta alishawaka. Akamweleza kwamba Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia kunapopambazuka. Kwamba kalenda yao iko nyuma ya hii kwa miaka saba au minane, jambo lililomfurahisha Bibi, akaanza kupunguza umri wake kwa vidole. Na kwamba mwaka wao una miezi kumi na mitatu.

"Kumi na mitatu?" akauliza mwenye nyumba.

Nilimkonyeza mtoto. Wapi!

"Ndiyo. Huo wa mwisho una siku tano, au sita."

Mwenye nyumba aliondoka bila kutaja ukoka tena. Nilimwona akihesabu njiani, na mwenzangu mpangaji utajua kwa nini sijapata usingizi.

Shuleni mambo yalikwenda vizuri, kama yanavyokwenda kila ninapopata hasara. Malaysia yenye mchicha ilisifiwa, na Bibi Redio anawaambia watu kuwa ameipikia balozi. Bendera ya Uswisi ilimpendeza mwalimu mkuu hadi akaomba ibaki ukutani ofisini kwake. Dabi niliitazama na singlendi, mbele ya mke wangu na jezi yake isiyoguswa. Matokeo yasikushughulishe.

Sasa Wakili amerudi na karatasi nyingine, bado haijapata mafuta. Muhula ujao ana Papua New Guinea, nchi yenye lugha zaidi ya 800 na ngoma za watu waliojipamba manyoya ya ndege kichwani. Shemeji Kesho anasema manyoya anajua pa kuyapata, na jogoo wangu yuko uani hana habari.

Mama Neema anasema tutakaa kikao tuamue. Nimemuuliza kura yangu itaanza kuhesabiwa lini. Amenijibu nikafungue bunge kwanza: mlango wa uani umekwama tena.