Mimi Sili Sikio

Ng'ombe wa Simiyu siku hizi anavaa hereni. Si urembo huo. Ni plastiki yenye namba, na namba imo kwenye mfumo wa wizara: mwenye ng'ombe ni nani, yuko wapi. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tunayo tangu mwaka 2010, ila tulipitia kwanza kwenye chapa ya moto, ngozi zikaungua, ndipo tukahamia masikioni. Mwaka 2022 mfugaji akaambiwa atoe shilingi 1,750 kwa kila ng'ombe. Mwenye zizi lililojaa akapiga hesabu, akachachamaa, wabunge nao wakachachamaa, zoezi likasimama. Juni 2025 likarudi pale Bariadi kwa sura nyingine: chanjo kwa ruzuku, hereni bure.

Haya, hongera zake ng'ombe. Lakini mimi sili sikio.

Mnyama huyo anapakiwa kwenye fuso na kibali chake, anashushwa mnadani Pugu, anauzwa, anaingia machinjioni. Mpaka hapo anafahamika kuliko mpangaji wangu wa chumba cha uani. Kisu kikishapita, kichwa kinakwenda kwa mama wa supu na hereni yake, mwili unagongwa muhuri wa mkaguzi. Muhuri unasema nyama imekaguliwa. Ilikuwa ya nani, hauna habari. Kuanzia hapo ndama wa Tabora na dume lililozeekea kwenye plau wote wanaitwa "laini, ya leo leo."

Ulaya walifundishwa na kichaa cha ng'ombe. Mwaka 1996 Uingereza ikaanza kuwapa ng'ombe pasipoti, kitu ambacho jirani zangu wengi hawana. Tangu 2002, nyama ya ng'ombe ikiuzwa katika Umoja wa Ulaya, lebo yake lazima iseme alizaliwa wapi, akafugwa wapi, akachinjwa wapi. Na serikali haikuubeba mzigo peke yake: mwenye machinjio na mfungashaji, kila mmoja anaandika kapokea kwa nani na kampelekea nani, na mwenye duka anaandika kapokea kwa nani. Kwetu serikali imeshika sikio, mapaja kaachiwa mwenye bucha.

Jumamosi nikajitia kuuliza. Paja lilikuwa linaning'inia, wino wa muhuri bado unaonekana kwenye mafuta.

"Huyu katoka wapi?"

"Machinjioni, mzee."

"Na kabla ya machinjioni?"

Kijana akalaza shoka kwenye gogo. "Mzee wangu, mbona unaulizia ukoo? Unanunua nyama au unaposa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikasema nipimie nusu, steki. Akakata, akaweka kwenye mizani, kisha akachomoa mfupa kwenye beseni la pembeni akautupia juu, mshale ukaruka.

"Na huo mfupa je?"

"Wa huyo huyo," akasema, huku akifunga mfuko. "Haya, nani anafuata?"