Waraka kwa Mkuu wa Studio Kuhusu Ahadi ya Mto Nile

Mheshimiwa Mkuu wa Studio,
Hollywood.

Nakuandikia nikiwa mtazamaji wenu wa siku nyingi. Kwa kusimamisha kuta za hekalu na kushona majoho ya wafalme, mafundi wako hawana mpinzani. Ndiyo maana inaniuma kuona mikono hodari namna hiyo ikijenga Misri isiyo na Wamisri.

Bila shaka unaikumbuka Novemba 2015. Watu waliuliza kwa nini miungu ya Misri katika filamu ya Gods of Egypt karibu wote wamepewa sura za Kizungu. Mwongozaji na studio iliyohusika wakaomba radhi hadharani, na studio ikaahidi kufanya vizuri zaidi. Ulikuwa uungwana, nami nausifu. Ila filamu ilitoka Februari iliyofuata na waigizaji walewale.

Ubunifu wenu nao ni mkubwa. Katika filamu ya 10,000 BC ya mwaka 2008, mamothi walikokota mawe ya piramidi. Kwingineko mmetuzoesha watumwa na mijeledi. Lakini makaburi ya wajenzi wenyewe yalianza kufukuliwa Giza mwaka 1990, hatua chache kutoka kwenye piramidi, na wafu waliwekewa mitungi ya mikate na bia ya safari ya ahera. Mtumwa hazikwi hivyo, Mheshimiwa.

Roma mmeihudumia kwa moyo wote, kwa hiyo naamini utapenda kisa hiki cha Kushi, Sudan ya leo. Karibu mwaka 25 KK majeshi ya Kushi yalivamia Aswan na kuangusha sanamu za Kaisari Augusto. Kandake wao, malkia mwenye chongo, alipigana na Warumi hadi wajumbe wake wakaenda kuonana na Augusto mwenyewe, naye akawasamehe kodi. Kichwa cha shaba cha sanamu mojawapo kilifukuliwa Meroe, huko huko Kushi, mwaka 1910. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, kila aingiaye amkanyage Kaisari. Macho yake ya kioo bado yamekodoa. Kiko London, kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Vita mnayo hapo, na malkia, na mapatano. Fedha na mafundi mnao tangu zamani. Kwa ile ahadi ya 2015, naomba mumtafute mwigizaji wa kandake huyo Sudan kwanza.

Wasalaam,
Mtazamaji wako.