Mhadhara wa Profesa Kopo

Mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, mabibi na mabwana, wana-Magomeni: karibuni. Kabla ya mada, naomba dakika chache mniangalie. Suti hii imeshonwa kwa ajili ya leo. Hilo neno "Profesa" kwenye kadi halikutoka chuoni, maana vyuo vina foleni. Lilitoka kwa mchapaji, kijana mwenye jicho la kutambua vipaji.

Mada ni vipimo vya maabara kwa utumbo uliovimba: ugonjwa wa Crohn, na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Tuanze na CRP, protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili ukiwaka mahali. Herufi C ni heshima kwa Daktari Crohn. Nasikia mnong'ono huko nyuma kwamba CRP iligunduliwa New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia, na hiyo C ni jina la sukari iliyomo katika bakteria wa nimonia, ilhali Crohn na wenzake walichapisha habari za ugonjwa wao mwaka 1932. Miaka 2 ni kitu gani kwa mtu mwenye maono? Tena wapo wenye vidonda tele utumboni na CRP yao imetulia kama maji ya mtungi. Hao ni wakaidi, tuwaache.

ESR nayo: damu husimamishwa kwenye mrija saa nzima, kisha hutazamwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mimba huipandisha, upungufu wa damu huipandisha, uzee huipandisha. Yangu ilikuwa juu. Mimba sina. Uzee nimeukataa.

Sasa kipenzi changu, kalprotektini. Mnorwe Magne Fagerhol na wenzake waliitenga mwaka 1980. Mwaka huo nilikuwa darasa la nne, naumwa tumbo kila siku ya hesabu, kwa hiyo utafiti tuliuanza pamoja. Chembe nyeupe za damu zikikimbilia utumbo unaowaka humwaga protini hii, nayo hutoka na choo ikiwa nzima, maana bakteria hawaiwezi. Nikapeleka sampuli yangu inavyostahili: kopo ndani ya barafu, barafu ndani ya deli la samaki, deli ndani ya bajaji, bajaji inapiga honi kama msafara wa waziri. Binti wa maabara akapokea.

"Shikamoo mzee. Hii hata ungeileta kesho, haiharibiki upesi."

Majibu yakatoka: 180! Jirani yangu alikuwa amepata 30, nikampa pole mbele ya mkewe. Karatasi ilisema chini ya 50 ndiyo kawaida, lakini mimi lini nilikuwa wa kawaida? Jioni hiyo nikatangaza kijiweni kwamba nina Crohn, nikanunuliwa kahawa.

Binti yule akaniuliza swali moja tu, la kitoto: natumia dawa za maumivu? Nikamweleza kwa dakika 40 historia ya goti langu, goli nililofunga nikiwa kijana, na diklofenaki ninayomeza asubuhi na jioni. Yeye akatumia nusu dakika. Dawa hizo huchubua utumbo na kuipandisha namba. Ameba huipandisha, TB ya utumbo huipandisha. Kipimo kinamwambia daktari utumbo umewaka. Hakimwambii nani kawasha. Ndiyo maana mwenye namba kubwa, hasa ikipita 250, huingiziwa kamera na kukatwa kinyama kidogo cha kupimwa. Mwenye namba ndogo, hata tumbo likimsokota, mara nyingi huepushwa na kamera hiyo. Na mgonjwa anayejulikana hupimwa tena na tena, namba ikianza kupanda ashughulikiwe mapema, kabla hajazidiwa.

Maelezo mafupi mno. Hayana hata goti.

Daktari akaniamuru niache vidonge mwezi mzima. Nikapima tena: 28. Kutoka 180 hadi 28, chini ya jirani! Nimeandika barua kuomba karatasi yangu isahihishwe upya.

Sasa ni wakati wa maswali. Binti wa mstari wa tatu, mwanangu, shusha mkono.