Muulize Nahodha: Kusi Haina Likizo

*Nahodha, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi London. Agosti hii tunakuja Kisimayu, na nataka watoto wakaione Chovai alikozaliwa babu yao. Binamu yangu ana boti ya faiba ya futi 23, injini moja, na anasema atatupakia sote pamoja na mama mkwe. Mke wangu amekataa katakata. Mama mkwe naye asema tukimwacha hatatusamehe. Nimfuate nani?*
*Baina ya Wanawake Wawili, London*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za wake na wakwe, kumbe mwenye neno la mwisho hapa ni Agosti.

Likizo ndefu ya shule za Uingereza ilipangwa bila kumshauri mtu yeyote wa pwani. Watoto wanafunguliwa mwishoni mwa Julai, kusi ikiwa imepamba moto. Tangu Juni hadi Agosti wavuvi wengi wa pwani ya Somalia hupandisha vyombo juu, na Wasomali husema bahari imefungwa. Ufunguo, nakuhakikishia, binamu yako hana. Tena angalia mnakoelekea. Chovai iko kusini-magharibi mwa Kisimayu, na kusi inatokea huko huko. Mkondo nao miezi hiyo unapanda kaskazini. Mtakwenda mnapigwa usoni na upepo huku maji yakiwarudisha nyuma, na dumu la mafuta mtalitazama kuliko mtakavyovitazama visiwa. Mwenye akili hutenga theluthi ya mafuta ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya mambo asiyoyajua. Kwa kusi ile, theluthi ya kwanza itawaishia njiani mama mkwe bado anagawa sambusa.

Binamu atakwambia mtapita ndani, baina ya visiwa na bara, ambako ni shwari. Hajasema uongo. Visiwa na miamba vinalivunja wimbi la bahari kuu, na ndani hukaa maji yaliyotulia. Lakini huko ndani kuna mafungu ya mchanga, maji yakipwa kina kinakuwa haba, na bara la upande ule si mahali pa kukwama magharibi na watoto wanne. Mtu wa Kisimayu hahitaji kuelezwa zaidi. Mkishindwa na ndani mtatoka nje, na kutoka nje ni kupita mlango wa mwamba. Maji yanayotoka yakikutana na kusi inayoingia, wimbi linasimama wima pale pale mlangoni, fupi na kali, na boti ya futi 23 hupanda la kwanza kwa furaha na la pili kwa shahada.

Najua Wabajuni wengi mlio Uingereza mlikalishwa mbele ya maafisa wa uhamiaji mkatakiwa mvitaje visiwa ili waamini mmetoka huku. Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, mkavitaja. Afisa hakuuliza mlango unaingiwa maji yakiwa yanajaa au yanatoka. Mimi ndiyo kwanza naanza usaili.

Usinielewe vibaya, udogo wa chombo si dhambi. Wazee wetu walitoka na mitumbwi kwenda kuvua kasa kwa chaza, yule samaki anayejibandika. Wakamfunga kamba mkiani, wakamwachia, wakamvuta akiwa amejishikiza kwenye gamba la kasa. Hakuna aliyedhani anahitaji meli. Na MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, haikuwa ndogo. Ilijazwa watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe, katika kusi hii hii unayotaka kuwaonyesha wanao. Kwa hiyo usihangaike kumtafuta binamu mwenye boti kubwa zaidi.

Muulize huyu uliye naye swali moja tu: mara ya mwisho kuwaambia abiria "leo hatutoki" ilikuwa lini? Akikutajia siku, upepo uliokuwapo na watu waliomnunia, huyo ni nahodha, panda naye siku atakayoisema yeye. Akijibu kwamba yeye hajawahi kuahirisha safari, mshukuru kwa chai na umsifie boti. Maana shida ya safari za familia ndiyo hiyo. Bahari ikichafuka kila mtu anaiona, ila nani atamwambia mgeni aliyelipa nauli ya ndege ya watu saba, tena mbele ya mama mkwe aliyekwisha kufunga mikeka, kwamba safari hakuna?

Njooni likizo ya Pasaka. Mwishoni mwa Machi kaskazi imechoka na kusi haijaamka. Na kama tiketi za Agosti zimeshakatwa, waonyeshe watoto bandari ya Kisimayu, ambayo imekaa juu ya kisiwa kilichounganishwa na bara kwa tuta. Watakuwa wamefika kisiwani na hakuna aliyelowa. Mkeo ana haki. Mwambie hivyo leo, kwa sauti, mama yake akisikia.

*Nahodha, sisi tuko hapa hapa Kisimayu. Mume wangu ameapa kwamba Idi Mosi, tukishaswali, tutakwenda Koyama kupika pilau na kurudi jioni. Anasema siku ya Idi ina baraka, bahari haiwezi kututenda.*
*Mpishi wa Pilau*

Bi Mpishi, baraka ipo, lakini na bamvua lipo. Idi ya Fitri ni mwezi kuandama, na mwezi ukiandama maji huwa makubwa. Siku hizo pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Asubuhi yote maji yanatoka. Hesabu mwenyewe. Swala, kupeana mikono, supu kwa shangazi, kumtafuta mtoto aliyekwenda kuomba sikukuu. Mnafika ufukweni saa tatu na nusu, boti imelala ubavu topeni, injini imeinua miguu juu, na watoto wote wamevaa viatu vyeupe.

Ahirisheni wiki moja. Maji mafu hujaa karibu saa nne asubuhi, mkondo wa mlangoni unapoa, na mkielekea mwambani kutoka nje jua liko mgongoni kwenu, kwa hiyo mwamba mnauona kabla haujawaona. Wanaofunga sita watakula pilau lao wakirudi. Kama Idi imeangukia kusi, soma jibu la yule wa London, kisha umsomee mumeo.

*Nahodha mwenzangu, abiria hawataki jaketi za kuokolea. Wazee wanasema ni upungufu wa tawakali, na akina mama wanasema zinaharibu buibui. Nifanyeje?*
*Mwenye Chombo*

Wazee hao waulize kama ngamia zao wanawaacha bila kuwafunga. Hadithi hiyo wanaijua kuliko mimi na wewe. Akina mama waambie jaketi huvaliwa juu ya buibui, na picha zitapigwa mkishafika.

Lakini nina swali kwako, mwenye chombo. Wewe yako umeivaa? Baharia wako je? Nimewahi kuona nahodha akigawa jaketi kwa ukali kama mwalimu wa zamu, yeye mwenyewe kifua wazi usukanini, na hapo nani atamsikiliza? Na zile mpya ulizoziacha ndani ya nailoni zisichakae, ukazisukuma chini ya nyavu na dumu la mafuta, zitoe kabla hujang'oa nanga.